Mama Alipowasha Kiberiti

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila mama kapasuliwa jicho, na lile jingine nalo halioni vizuri, kwa hiyo anatembea kwa kupapasa.

Nimesikia umepata kazi kiwanda cha mikate. Nimecheka mpaka sindano ya cherehani ikanichoma kidole: umeacha unga, ukaenda kuajiriwa na unga! Sasa nisikilize. Tangu utoke kituo cha matibabu hujakanyaga hapa. Chumba chako nimekitunza kama ulivyokiacha, kitanda pale pale, pazia lile lile. Sijui unataka upokewe na bendi. Njoo umwone mama.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Mpe mama pole nyingi.

Hicho chumba ndicho kinachonizuia. Daktari wa kituoni alinieleza kwamba dawa ya kulevya ikiingia kichwani inaufundisha ubongo kwa nguvu, na ubongo hauikumbuki dawa peke yake. Unakumbuka pia chumba, harufu, sauti iliyokuwa jirani. Baadaye kimojawapo kikitokea, kiu inaamka kabla mwenyewe hujaulizwa. Magunia ya ngano nayabeba kutwa na hayanishtui. Lakini lile pazia nililivuta kila siku kabla ya kuvuta mambo yangu. Naomba nimwone mama kwa shangazi.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zipo, ingawa leo nazitoa kwa shida. Mama yuko vile vile.

Kwa hiyo kosa sasa ni la pazia? Pazia ndilo lililouza televisheni yetu? Mama hawezi kurushwarushwa kwenye basi hadi kwa shangazi na jicho limefungwa. Uje Jumamosi. Pazia nitalitoa, mheshimiwa, na mlango nitaufunga.

Dada yako

26 Machi

Wewe,

Sikuulizi hali. Mama alishikilia kukuchemshia chai mwenyewe, kwa kupapasa. Nimetoka uani nakuta anaongea na kiti kitupu, anakuuliza kama sukari inatosha. Ulishindwa hata kuaga? Umenichosha, kaka. Umenichosha kweli.

Dada

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama anaendelea vizuri. Mwambie naomba radhi.

Pazia ulilitoa, nikashukuru, nikakaa sebuleni bila tabu. Kisha mama akawasha kiberiti cha jiko. Mle chumbani nilikuwa nawasha kiberiti kila mara, na hilo nilishalisahau. Kichwa hakikusahau. Mate yalinijaa, viganja vikalowa, miguu ikageukia njia ya kwa muuzaji. Nikakimbilia kituo cha basi. Ningesimama kuaga, ningebaki. Ningebaki, ningekwenda kule. Sijagusa kitu.

Na wewe, dada, uliponifungulia mlango, mkono wako ulisukuma mkoba nyuma ya mto kabla hujanisalimu. Sikukasirika. Nadhani hata hukujua.

Mdogo wako

19 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama kafunguliwa bandeji, anaona hadi vumbi langu juu ya kabati, na halinyamazii.

Nimeanza barua nyingi za kukufokea, nikazichana. Mambo ya mkoba niliyakataa kabisa. Nilimwambia mama kwamba huyu mtoto wako ana maneno. Akaniambia, “Mimi geti likilia, bado naangalia kama redio ipo. Na mwanangu nampenda.” Kweli mkoba niliuficha, na sikumbuki nikiamua.

Usidhani hasira imeisha. Ila chumba nimempangisha fundi viatu, na Jumapili tunakuja sisi huko kwako. Usipike, hujui kupika.

Mama amenisimamia hapa, amenikataza kufunga bahasha kabla sijakuuliza: tusije na nini?

Dada yako