Karatasi za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Barua ya maktaba imeletwa shuleni, katibu akaifungua kabla yangu na kupiga vigelegele mbele ya walimu wote. Wanaitaka kazi yangu ining'inie kwenye ukumbi wa ngazi, ghorofa tatu, kutoka darini hadi karibu na vichwa vya watu. Karatasi za kutengeneza kwa mkono, kutokana na makaratasi yao wenyewe ya kutupa, zenye majani na mbegu ndani. Kwenye maombi niliandika karatasi mia na ishirini. Mia na ishirini! Nilikuwa na wazimu gani siku ile? Natakiwa kutundika tarehe 22.

Mume wangu kanipongeza, halafu akauliza zitakaukia wapi. Swali zuri.

Jumatano, 5 Machi

Mkutubi mkuu kanipa magunia manne ya kadi za zamani za katalogi. Wanafunzi wangu wanamwita Bi Kimya, na kweli, hata akicheka yeye mwenyewe huweka kidole mdomoni.

Nimechana mpaka vidole vinawaka. Unaloweka kwenye beseni, unasaga kwenye blenda (ya jikoni, Mungu anisamehe), unapata rojo kama uji uliosahauliwa. Unalichota kwa fremu yenye wavu, unatikisa, maji yanachuruzika, unageuza juu ya kitambaa. Karatasi ya kwanza — imechanika. Ya pili — nene kama soli ya kiatu. Ya tatu — karatasi! Nimeizunguka kama kuku aliyetaga.

Keshokutwa mama mkwe anakuja. Nyumba yake inabadilishwa paa. Wiki mbili. Subira ninayo. Nafasi ndiyo sina.

Ijumaa, 7 Machi

Kafika na sanduku moja na maoni mengi. Mama mkwe alikuwa mpiga chapa miaka thelathini na moja. Kwake karatasi ina heshima zake. Kunikuta nasaga kadi, akashika kichwa.

"Mwanangu, hizo kuna mtu alikaa akazipiga chapa! Herufi kwa herufi!"

Nikamwambia ndiyo maana hatuzitupi. Akanuna. Baada ya robo saa akauliza kwa nini rojo langu lina mabonge.

Jioni alilikaribisha koti la mvua la mume wangu, lililotundikwa nyuma ya mlango. "Pita ndani, mbona umesimama hapo?" Tumecheka mpaka mbavu zikauma, yeye kutushinda sote.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaninyang'anya fremu. Eti namwaga maji kama naosha gari.

Haya, niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunisoma: karatasi zake ni nzuri kuliko zangu. Anafumba macho, anatikisa mara mbili mbele, mara moja pembeni, anapitisha kidole. "Huku nyembamba." Nikiinua kwenye mwanga — kweli, huku nyembamba! Mimi peke yangu siku nne nilipata kumi na moja. Leo pamoja naye, ishirini na mbili.

Kangaga, yale majani yenye umbo la manyoya, nimezichuma nyuma ya ukuta wa shule. Maua ya waridi, ya kutia rangi, ni ya jirani. Ruhusa nimeomba baada ya kuchuma.

Jumatano, 12 Machi

Mvua siku ya tatu. Karatasi zimeanikwa sebuleni, bafuni, juu ya kitanda. Mume wangu analala chini ya majani. Asubuhi kasema kama ameoa sungura angeambiwa mapema.

Leo mama mkwe alikuwa anapapasa zile za sebuleni. "Hizi zimeota."

Nikasema haiwezekani. Nikavaa miwani, nikavuta taa, nikainama — zimeota! Ule ufuta niliounyunyiza umechipua, vijinywele vyeupe vidogo hata havitoshi kuitwa mmea. Nimerukaruka kama mtoto. Nani amewahi kutundika karatasi inayoota?

Halafu nikauliza: umevionaje, Mama?

"Nimevigusa."

Mchana nikamwomba anitengee karatasi. Zenye kangaga kaziweka upande wake, zenye nyasi upande wake, bila kosa. Zilizobaki, zisizo na majani, nyekundu za waridi na zile za samawati, zilizotokana na kadi za rangi hiyo, kazirundika pamoja, akasema tayari. Nyekundu na samawati.

Nikakumbuka koti. Nikakumbuka chai iliyomwagika nje ya kikombe juzi, akasingizia meza. Nimezitenga mwenyewe alipokwenda kuswali.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesema. Mume wangu alikuwa kazini. Fundi umeme kama yeye hana Jumamosi. Tulikuwa wawili, mikono yote minne ndani ya beseni.

"Mama, macho yako yana nini?"

Aliendelea kukoroga. Kisha: "Tangu mwaka jana. Kama kuangalia kupitia pazia. Mwanzo pazia jepesi."

"Na hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie ili iweje? Akijua, sirudi kwangu. Nitawekwa kile chumba cha nyuma, niulizwe nimekula, nimeoga. Mwanangu ana roho nzuri kupita kiasi, hilo ndilo tatizo lake. Ile nyumba nimeijenga kwa vidole hivi." Akavitoa majini, vinadondosha rojo.

Nikamwambia huenda ni mtoto wa jicho tu, hutolewa. Mama yake katibu wetu ametolewa, sasa anasoma magazeti na kugombana nayo. Akasema jirani yake naye alikwenda, akarudi haoni hata kile kidogo alichokuwa anaona. Ndipo nikaelewa. Haogopi chumba cha nyuma tu.

"Niahidi hutamwambia."

Nikaahidi. Mpumbavu mimi.

Jumanne, 18 Machi

Tisini na saba! Bi Kimya kaja kukagua, kagusa ile iliyoota, akasahau kunong'ona. "Inakua?!" Jirani kachungulia dirishani.

Mume wangu anauliza mimi na mama yake tumekuwa marafiki tangu lini, mbona tunanong'onezana. Nikasema ni mambo ya karatasi. Paa limekwisha, Jumapili anarudi kwake. Atapanda zile ngazi zake peke yake, atawasha jiko peke yake. Mara mbili leo nimefungua mdomo, mara mbili nimeufunga.

Basi nimefanya la kwangu: nimepiga simu kliniki ya macho. Kuna nafasi Jumatano ijayo. Nikamwambia, hili sikukuahidi kwamba sitalifanya.

Akatikisa fremu, mara mbili mbele, mara moja pembeni. Kisha akasema, "Tutaona."

Tukatazamana. "Tutaona!" Alianza yeye. Tumecheka mpaka fremu ikamponyoka ikazama.

Lakini ndiyo hakusema.

Ijumaa, 21 Machi

Mia na ishirini na tatu!!! Mgongo sina. Nalala.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za maktaba, ghorofa ya kwanza.

Tulianza vizuri. Mume wangu kajitolea kutundika. Kapanda jukwaa la mabomba hadi karibu na dari, mkanda kiunoni. Bi Kimya kafunga mlango wa mbele, kaleta viti. Mama mkwe kakaa chini kabisa, kavaa gauni lake zuri, mkoba mapajani, kama mgeni rasmi. Safu ishirini zikapanda. Uzi wa nailoni hauonekani, kwa hiyo karatasi zinaelea tu, kangaga zinapitisha mwanga, na kila mtu akipumua zinageuka. Sikutegemea zitakuwa hivi. Nimetengeneza kitu kizuri. Nimeandika, sifuti.

Kisha mume wangu akashika mbili, moja kila mkono, akaita kutoka juu kwa furaha zake zote:

"Mama! Wewe ndiye bosi. Ianze ipi, nyekundu au samawati?"

Mama akainua uso. Akaniangalia mimi, au upande niliopo. Ningeweza kujibu. Ningesema nyekundu, yakaisha. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Akaniinulia kiganja. Nyamaza.

"Sizioni rangi, baba," akasema, sauti imenyooka kama anasoma barua ya ofisi. "Hata wewe sikuoni. Nakusikia tu."

Bi Kimya alikuwa katikati ya kukunja uzi. Uzi ukamtoka mkononi.

Mume wangu akashuka. Bomba kwa bomba, taratibu, hizo karatasi mbili bado mkononi. Akachuchumaa mbele yake. Akamuuliza kitu, sikukisikia. Bi Kimya akawapa ofisi yake, akafunga mlango kwa nje kama askari.

Imepita nusu saa. Mwanzo sauti ya mume wangu ilikuwa juu. Halafu ya mama, ndefu, haikukatizwa. Nimesikia "Jumatano". Nimesikia "kwangu", mara tatu, na kila mara ngumu zaidi. Kisha mtu kapenga kamasi, sijui nani.

Wametoka! Mama mbele, kashika ukuta kwa mkono mmoja, hafichi tena. Kapita, kanigusa bega, kauliza tunangoja nini, karatasi hazitajitundika. Kaenda kwenye meza, anapapasa rundo, anazichambua kwa vidole, anampa Bi Kimya moja moja. "Hii ya kangaga. Hii pia. Hii ina nyasi, isubiri."

Mume wangu kasimama chini ya jukwaa. Macho mekundu. Hajapanda. Ananitazama mimi, na najua anachohesabu: siku ngapi nimelala pembeni yake nikijua.

Anakuja huku. Kakaa ngazi moja chini yangu. Kaangalia daftari, kaangalia juu, kwenye zile zinazoelea. Sasa kafungua mdomo. Naweka kalamu chini.