Msumari Unaomngoja Gavana

Papa yangu mpenzi,

Dai langu ni hili, nami nitalitetea hadi mwisho wa karatasi: mtu aliyeongoza vizuri anapaswa kushuka kitini wakati watu bado wanampenda. Kwa hiyo, katika uchaguzi ujao wa koperative yetu ya kahawa, jina lako lisiwepo.

Nimeanza kwa ukali, unisamehe. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Butembo? Mama anapata usingizi, tangu jamaa waliokimbia vita kule Mabalako waijaze nyumba? Mimi ni mzima. Wanafunzi ninaowafundisha Kifaransa hapa Meksiko wanakicheka Kihispania changu, lakini katiba ya nchi yao nimeisoma mara mbili bila kamusi.

Wiki iliyopita niliingia katika jumba la serikali ya jimbo hili. Kando ya ngazi za mawe wamepanga picha za magavana wote, kuanzia wenye ndevu hadi wenye tai. Nilipanda polepole kama mtu aliye kanisani. Mahali pamoja nyuso zimesongamana: ni miaka ya vita vyao, gavana hakukaa hata akaizoea meza yake. Hata hivyo mstari haukukatika.

Baada ya picha ya mwisho nikaona msumari mtupu. Mama mmoja, Chela, alikuwa akifuta vumbi. Nikamwuliza ni picha ya nani iliyoanguka.

"Hakuna iliyoanguka. Huo ni wa gavana wa sasa. Yuko juu, anafanya kazi. Tuliupigilia siku alipoapa."

"Naye anaupita?"

"Asubuhi na jioni. Miaka sita, basi. Harudi tena maisha yake yote, sheria imekataza. Hawa, wengine tuliwapenda, wengine tuliwahesabia siku. Wote walishuka ngazi hizi hizi. Sogea, kijana, unanikanyagia kitambaa."

Papa, nilisogea, nikautazama tena ule msumari. Mtu mwenye jimbo zima mkononi, na kila asubuhi anapita mbele ya mwisho wake, kisha anakwenda kazini!

Nikaikumbuka ofisi yenu. Picha ni moja, yako. Ilipotundikwa nilikuwa darasa la pili. Sasa nina licence, shahada ya sheria. Nilipokudokezea jambo hili kwa simu, uliwaka: "Weye Kasereka, balikutuma kule ufundishe ao unitoshe ku kiti? Mais iko vita kila upande! Nikitoka, nani ataikamata?"

Unauliza kama nilikuja kufundisha au kukutoa kitini, na nani ataishika koperative; nakujibu. Vita? Zitazame nyuso zile zilizosongamana: hata vitani walipokezana. Nani? Mama Kavira, katibu wako, uliyemfundisha kazi wewe mwenyewe. Wewe ndiye uliyewashika wakulima pamoja kahawa ilipokosa njia ya kutoka. Sitaki kusikia kwamba wameanza kukuhesabia siku.

Nisalimie Mama, shangazi wa Kasugho, na mzee anayelinda depo ya kahawa, aliyeniambia nisiogope kubishana na wakubwa.

Usinijibu kwa simu. Isome barua hii mwenyewe mbele ya mkutano mkuu, kisha ujibu palepale, ndiyo au hapana, wanachama wote wakisikia. Ukinishinda kwa hoja, nitakiri hadharani. Lakini kabla hujafungua mkutano, pigilia msumari mmoja kando ya picha yako, wa picha ya atakayekufuata, wauone.

Mwanao anayekuheshimu hata anapokubishia,

Kasereka