Mkanda wa Cherehani

Mdogo wangu kipenzi,

Gauni lako la harusi limekwisha. Mama kalijaribu mwenyewe mbele ya kioo, ila usimwambie nimekuambia.

Najua unaapa kwamba fundi aliyetufundisha kushona hawezi kuua mtu. Nami nimemtetea mtaa mzima mpaka koo limenikauka. Lakini jana kizimbani alisema siku ya mauaji alishinda dukani anashona mchana kutwa. Wewe ungepiga vigelegele. Mimi nilikumbuka mkanda. Siku ile mkanda wa cherehani yangu ulikatika asubuhi, akanifungulia wa kwake, na hana cherehani nyingine. Nilimrudishia jioni.

Ndiyo siku niliyoanza kushona gauni lako. Kesho naenda kuwaeleza mahakamani. Ulivae hivyo hivyo, tafadhali.

Dada yako, anayekupenda hata ukinuna