Nani Aligusa Monita ya Baba

Jumanne, 10 Juni 2025

Sijawahi kumwambia mtu hili: namwogopa Mama kuliko Baba. Baba anafoka, yanaisha. Mama akininyamazia, hayaishi hadi kesho yake.

Leo Baba kafoka asubuhi yote. Laptop haioni monita, ile kubwa anayotumia kwa ripoti za chama cha pamba kwa sababu macho hayawezi tena herufi ndogo. Monita inaandika No Signal, kisha inalala.

Kamgeukia Nyamizi, binti wa baba mdogo wa Kiloleli. Anakaa kwetu, yuko form two, na ndiye anayefuta vumbi. "Umeifuta na maji wewe!"

"Hapana, baba mkubwa. Kitambaa kikavu."

Hakulia. Hilo limemuudhi Baba zaidi. Kasema isipopona, Jumamosi Nyamizi anarudi kwao. Akirudi, shule basi – baba yake ana ng'ombe na hana mchungaji.

Nimeomba niijaribu. Sauti ilinitoka kama ya kuku mgonjwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimezima, nimewasha. Nimechagua Duplicate, nimechagua Extend. Wapi. Nimepeleka laptop na waya kwa Masalu, fundi wa karibu na stendi. Kwenye TV yake picha ikatoka palepale.

"Mgonjwa wako mzima, dada. Mchawi yuko nyumbani." Wateja wakacheka. Nimetembea njia nzima naangalia chini.

Basi ni monita. Na nimeona kitu. Pale mezani vumbi limeacha alama ya mguu wa monita, ila mguu wenyewe umekaa pembeni ya alama. Mtu aliinyanyua.

Nyamizi? Kama ni yeye, mbona anakula vizuri hivyo?

Alhamisi, 12 Juni

Si Nyamizi.

Nimebonyeza kitufe cha chini ya monita, menyu ikatokea. Matundu ya HDMI ni mawili. Waya wa laptop uko kwenye la kwanza, monita imewekwa kusoma la pili. Mtu alichomeka kitu kingine akachagua kwa mkono.

Nikakumbuka deki. Haiko kabatini. Iko chumba cha nyuma, kwa Bibi, imefunikwa kitenge, na ndani yake DVD ya harusi ya mjomba.

Bibi ni mama yake Mama, katoka Nassa kutibiwa mguu. Sebuleni kwenye TV hakai, maana Baba anaweza kuingia saa yoyote. Baba ni mkwe wake. Kwa mila yetu hawakai chumba kimoja, hawatazamani. Baba akiwa kazini, Mama anambebea monita.

Nimemwuliza Mama jikoni. Kageuza ugali kwanza.

"Nikamwambie baba yako kwamba mkwe wake kachoka kufungiwa chumbani? Unataka nimwaibishe mama yangu?"

Na Nyamizi?

"Sema waya ulilegea."

Kisha kanipa kisogo, kapakua ugali.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudisha tundu la kwanza. Picha imetoka. Nikasema waya ulilegea. Baba kafurahi, kisha: "Nani alilegeza? Si huyo mfuta vumbi? Kesho aende kwao." Mama alikuwa anapanga vikombe. Kaendelea kupanga.

Nami nikanyamaza. Begi la Nyamizi liko mlangoni.

Jioni hii Bibi kaniita.

"Ng'wanone, mwanangu, mwenzio anafunga begi aende wapi?"

Nikamwambia. Yote, hadi deki. Hajanigombeza. Kauliza tu mkwe yuko wapi. Nikasema sebuleni. Kavuta khanga kichwani, kaomba fimbo yake. Nimempa, nikakimbilia huku chumbani kwangu.

Sasa naisikia fimbo koridoni. Hajawahi kupita hapo Baba akiwa ndani.

Lakini hata akifika sebuleni atageukia ukuta. Hawezi kusema na mkwe moja kwa moja. Lazima awepo wa katikati, aseme kwa niaba yake, kwa sauti, mbele ya Baba na Mama. Mama hatakubali. Nyamizi ndiye mshtakiwa. Nani mwingine yumo humu ndani?

Fimbo imepita mlango wa choo. Inakuja kwangu. Naweka daftari chini ya godo–