Kopo Lililonyooshwa

Mugunga, Goma
8 Machi 2009

Mpendwa yaya Modeste, kaka yangu mkubwa,

Huko kambini Uganda mnaamkaje? Mguu wako umepona? Sisi ni wazima, ila mvua inapita kwenye shitingi ya paa la kibanda na kuingia kama mwenye nyumba.

Mdogo wetu Jolie ameposwa! Kijana anaitwa Lionel, seremala wa Ndosho, mutu wa adabu. Watu wake wataleta mahari Jumamosi baada ya Pasaka.

Sasa sikia taabu yangu. Kwa kuwa baba, Muzee wetu, hayupo tena, wa kuketi na kuwapokea wageni ni mdogo wake, papa mudogo Laurent. Amekataa, yaya. Amekataa kwa sababu ya kopo.

Komite ya kambi, ambayo mkubwa wake ni yeye, ilinipa kazi ya kupimia watu unga wa msaada. Kopo ni lile la maziwa ya watoto, lakini kitako walikigonga kikaingia ndani. Kila mama anapunjwa, na unga unaobaki komite wanauza sokoni. Siku moja jirani yangu Kahambu, mwenye mapacha, alitazama unga wake, akanitazama mimi, akaondoka. Nikaokota jiwe, nikakinyoosha kitako mbele ya watu wote. Wamama walipiga vigelegele, ungecheka!

Tangu siku hiyo ukoo haunisalimu. Hata wamama wale wanaogopa kuonekana kwangu. Redioni wakubwa wanasema wala rushwa watatengwa. Huku aliyetengwa ni mimi. Jioni nasikia watu wakicheka kwenye vibanda vyao, nami sina wa kuongea naye. Upweke unaniuma kuliko njaa, yaya.

Jana papa mudogo alituma mutu kusema: nikilibonyeza kopo, atakuja kuketi. Jolie alisikia. Alichukua bidoni kwenda kuteka maji, akarudi macho mekundu. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linalonivunja moyo.

Kopo sitalibonyeza. Najua huwezi kuvuka mpaka. Basi nitaazima kiti, nikiweke mahali pa Muzee, na simu juu yake. Wageni wakiuliza mwenye ukoo yuko wapi, wewe sema tu: "Niko hapa."

Nisalimie shemeji Lucie na watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake huko ugenini.

Na simu yako, yaya, tafadhali iwe na chaji.

Mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Pascasie