Yule Mama wa Kambo Si Mimi

Jumapili, Mapinga

Nimechoka kuulizwa kama nina roho mbaya kweli.

Leo nilikwenda Zinga kwa mchumba wangu, Hamisi, nikampikia bintiye Saumu pilau. Ana miaka saba, na mama yake ni marehemu. Hakuigusa sahani. Shangazi yake, Bi Mwanaidi, akaniambia bila kupepesa macho: "Mwanangu, mtoto ameiona filamu yako. Na mimi nimeiona."

Humo nimecheza mama wa kambo anayemfungia mtoto nje kwenye mvua. Mwishoni nasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, nalia. Hapo inaisha.

"Lakini nalia kwa kujuta, Bi Mwanaidi."

"Machozi ya mamba yale."

Kinachoniudhi ni kwamba tulirekodi nikifungua na kumkumbatia yule mtoto. Mwongozaji akakata, eti watazamaji wabaki na la kubishania. Nilimpigia simu palepale nikimwomba kipande kile. Ameshakifuta.

Nikamweleza Saumu kwamba nilifungua. "Mbona sikuona?" akauliza.

Hamisi anasema mtoto atazoea, ndoa ibaki mwezi ujao. Atazoea! Kama vile mimi ni kiatu kinachobana. Nimemwambia tuisogeze mbele. Amenuna, hata kunisindikiza kituoni hakutaka.

Naogopa huenda nimempoteza. Lakini siwezi kuhamia nyumba ambayo mtoto ataogopa kulala nikiwa ndani.