Bibi Holo Hasafirishwi

Mbwemkuru, Ruangwa
Jumapili mchana

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Habari za Maswa, habari za tumbo, habari za miguu iliyokuwa inavimba? Mama amesema niulize hilo la miguu kabla ya jambo lolote, basi nimeuliza. Sisi huku miili ni mizima. Ng'ombe wazima, kifua cha Mama kimetulia, Baba anakula vizuri kuliko wiki mbili zilizopita. Mioyo ndiyo bado.

Barua hii anakuletea Baba Mkubwa mwenyewe. Nimeibandika kwa uji mzito wa muhogo, na nimemwomba asiifungue. Huenda kabla hajakukabidhi atakuambia kwamba mdogo wako Kabula hana adabu, kwamba alisimama mbele ya wanaume msibani akabishana na mkubwa wake. Ni kweli nilisimama. Najua ulilia sana kwa kushindwa kusafiri na tumbo hilo, kwa hiyo nataka upate habari za kumzika Bibi yetu Holo kutoka kwangu mimi niliyekuwa naye tangu mwanzo.

Kwanza nikueleze kuhusu Bibi Somoe, maana wewe humjui. Ni jirani yetu, Mmwera, mjane, shamba lake la mbaazi na ufuta limepakana na kiwanja chetu. Tulipofika huku na ng'ombe, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuja kutusema. Ndama wetu wawili walikuwa wameingia kwenye mbaazi zake. Alikuja na fimbo, anafoka Kimwera, na Bibi akatoka kumjibu Kisukuma. Walifokeana pale mpaka wakachoka, hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshajua Kimwera kidogo shuleni kwa wenzangu, nikaingia katikati. Nikamwambia Bibi, "Anasema mbaazi zake zimeliwa." Bibi akauliza, "Zote?" Nikauliza. Bibi Somoe akasema siyo zote, mistari miwili. Bibi akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamwekea mikononi. Bibi Somoe akanusa, akakunja uso, lakini akaenda nacho.

Kesho yake alirudisha kibuyu kimeoshwa, na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini wanavyochimba huku. Bibi alitafuna kimoja, akaniambia, "Mwambie hiki ni chakula cha nguruwe. Halafu mwambie alete tena." Mimi nikatafsiri la pili tu.

Tangu hapo, Dada, walikuwa hawaachani. Kila nikitoka shule nawakuta kwenye mkeka wa Bibi Somoe wanapukuchua mbaazi, wananisubiri. Bibi alikuwa amehifadhi maneno ya siku nzima. "Muulize mume wake alikufa lini. Muulize kama na yeye magoti yanamuuma kukiwa na baridi. Mwambie nilizaa saba nikabaki na wawili." Bibi Somoe akijibu kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kimwera, nami nageuza. Siku nyingine nilichoka, nikawaambia zungumzeni wenyewe, nina kazi za shule. Wakacheka. Wakaanza kufundishana, neno moja moja, hapa maji, hapa jembe, hapa mgongo.

Kisha kifua cha Bibi kikaanza. Baba alitupeleka hospitali ya Nachingwea, mimi na Bibi, akarudi kwenye ng'ombe kwa sababu Mama naye alikuwa anaumwa. Nilikaa naye siku tisa. Wauguzi walinizoea, wakawa wananiita "mkalimani". Siku ya nane daktari akaja na karatasi zake, akaangalia kushoto na kulia.

"Hakuna mtu mzima wa kwenu hapa?"

"Nipo mimi," nikasema.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu. Yeye hajui Kiswahili. Ukisema mimi ndiye nitakayemwambia, hata akija mtu mzima."

Akavuta kiti akakaa, akanieleza taratibu kwamba moyo wa Bibi umechoka, dawa za hapa zitamsaidia kupumua lakini hazitamponya, na kwamba akitaka kurudi nyumbani wataturuhusu. Halafu akaniambia, "Pole sana, mwanangu. Si lazima umwambie leo."

Bibi alikuwa ananitazama mdomo. "Kasema nini?"

Nikataka kudanganya. Walahi Dada, uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupotosha neno kati ya Bibi na mtu, ila lile la chakula cha nguruwe nililolificha. Nikamwambia yote. Hakulia. Alinishika sikio akalivuta kidogo, kama alivyokuwa anatufanya tukiwa wadogo.

"Basi twende nyumbani," akasema.

Nikauliza, "Maswa?"

"Maswa kufanya nini? Nyumbani, kwa Somoe." Akapumzika, akaendelea. "Sikia, Kabula. Nilitolewa Maswa kwenda Usangu, nikatolewa Usangu kuletwa huku. Kila mara nafunga vyombo, nafungua vyombo. Nikifa wasinipakie tena kwenye gari. Nizikwe kwenye kiwanja cha baba yako, upande wa mbaazi za Somoe."

"Na Babu je? Si yuko Maswa peke yake?"

"Babu yako anajua kunisubiri. Hata siku ya harusi alinisubiri mpaka jua likazama."

Nilicheka, Dada. Nilicheka hospitalini huku machozi yananitoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani tumepata habari njema.

Tulirudi. Jioni ileile Bibi alinituma nimwite Bibi Somoe, akamwambia vilevile, nami nikageuza. Bibi Somoe akavuta blanketi. Alimfunika miguu tu.

Aliishi siku kumi na moja. Alikufa asubuhi Baba akiwa anakamua. Nilikuwa nampelekea uji, nikaona mkono wake umeanguka nje ya blanketi. Niliweka kikombe chini vizuri kabisa, kisimwagike, ndipo nikaita. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilijali uji.

Baba alipompigia simu Baba Mkubwa, akajibu neno moja: "Asizikwe mpaka nifike." Mwili ukapelekwa kuhifadhiwa hospitali Ruangwa mjini, tukakaa msibani siku tatu bila kuzika. Mimi nilimwambia Baba maneno ya Bibi siku ya kwanza. Akasema, "Nimesikia. Tumsubiri kaka." Nikamwambia siku ya pili. Akasema, "Kabula, nimesikia." Unamjua Baba. Maisha yake yote akisimama kaka yake yeye anakaa.

Baba Mkubwa akafika siku ya tatu, na gari ameshalikodi pale mjini Ruangwa. Alilia sana, sisemi hakulia. Lakini alipomaliza kulia akasimama mbele ya wanaume waliokaa kwenye mabenchi, akasema, "Kesho asubuhi tunamchukua Mama tunampeleka kwao. Hatuwezi kumwacha porini kwa watu asiowajua. Mzee amelala peke yake kule, Mama atalala ubavuni mwake. Na huku si kwenu, mdogo wangu. Kesho keshokutwa wenyeji watawaambia muondoke, kaburi mtambebesha nani?"

Mimi nilikuwa nagawa chai. Nikamtazama Baba. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Bibi alikataa."

Baba Mkubwa akageuka. "Nani anaongea?"

"Mimi, Kabula. Bibi alikataa kupakiwa kwenye gari. Alitaka azikwe hapa, upande wa mbaazi. Aliniambia hospitali Nachingwea, akarudia hapa nyumbani."

"Alikuambia wewe. Na watoto wake hakuwaambia?"

"Watoto wake hawakuwepo."

Hilo ndilo neno ninalolaumiwa kwalo, Dada. Lilitoka lenyewe, na lilikuwa kweli. Mama alifunika uso kwa khanga. Baba Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Mtoto huyu amejitungia. Hataki bibi yake aende mbali, basi anamwekea marehemu maneno mdomoni. Mtoeni."

"Sitoki," nikasema. "Miaka yote mimi ndiye nilikuwa mdomo wake hapa. Sokoni, hospitali, kwa majirani. Hakuna aliyesema najitungia. Leo ndiyo najitungia?"

Shangazi mmoja wa ukoo akanishika mkono anivute. Hapo ndipo Bibi Somoe alipoinuka kutoka upande wa wanawake. Ni mfupi, akisimama katikati ya mbaazi zake hata haonekani. Akaja akasimama karibu yangu, hakuniangalia mimi, alimwangalia Baba Mkubwa. Akasema kwa Kisukuma. Kibovu, maneno yamepinda, moja katikati lilikuwa la Kimwera. Lakini kila mtu pale alielewa: "Holo alisema, nilale hapa, karibu na Somoe. Gari hapana."

Mimi sikuwa nimemfundisha. Bibi mwenyewe alimfundisha, zile siku kumi na moja nikiwa shuleni. Sijui kama alihofia sitaaminiwa, au alitaka tu rafiki yake alishike ombi lile kwa Kisukuma. Nimewaza sana, sijapata jibu.

Mtoto wa Bibi Somoe, Hamisi, alikuwa amekaa nyuma na wanaume wa kijijini. Akasema, "Lakini mama, Wasukuma wakishazika hapa hawatoki tena."

Bibi Somoe akageuka. "Na wasitoke," akasema.

Ndipo Baba akasimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Kaka, nimekufuata tangu tunachunga ndama. Ulikosema twende nilikwenda. Leo sikufuati. Mama atalala hapa."

Baba Mkubwa alitoka nje ya boma, akakaa huko kwenye jiwe saa nzima, hakuna aliyemfuata. Aliporudi akaomba maji ya kunywa. Akamwambia yule mwenye gari akauchukue mwili mjini, aulete hapa.

Tulimzika kesho yake adhuhuri. Wachimbaji walikuwa wachache, ardhi ya huku ni ngumu wakati huu wa kiangazi. Hamisi akaja na sururu yake bila kuitwa, akashuka kaburini akachimba mpaka mwisho. Baba Mkubwa alitupia udongo wa kwanza. Mimi nilisimama na Bibi Somoe upande wa mbaazi, na nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Naandika hili ili usidhani nilikuwa shujaa.

Jioni Baba aliniita. Akasema nikamwombe radhi kaka yake. Nilikwenda, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa. Nikasema, "Baba Mkubwa, naomba radhi kwa kupandisha sauti mbele yako." Akauliza, "Na kwa maneno?" Nikasema, "Kwa maneno hapana, Baba Mkubwa." Halafu akasema, "Una kichwa kigumu kama mama yangu." Sikujua kama ni tusi. Nimeamua si tusi.

Juzi nilitoka shule nikaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa Bibi Somoe, miguu ilinipeleka yenyewe. Akaniambia mbaazi za mwaka huu zina wadudu. Nikageuka upande wa Bibi nimgeuzie. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Dada. Nilibaki hivyohivyo. Bibi Somoe aliona, akasogeza ungo katikati yetu, akasema, "Nigeuzie mimi. Mbaazi zina wadudu, mnasemaje kwenu?" Nikamwambia. Akarudia mara tatu, akakosea mara tatu. Nimempa lile neno mpaka Ijumaa alishike, la sivyo tunaanza upya.

Baba ameanza kufyatua tofali. Tofali za kuchoma, Dada, siyo miti na udongo tena. Mtu wa kijijini alimuuliza za nini, akasema za nyumba. Akaulizwa unajenga ukae mpaka lini, akajibu, "Mpaka nilale ubavuni mwa Mama." Mimi nakanyaga udongo kila jioni na sichoki.

Mama anamsalimia mama mkwe wako na anamshukuru kwa kukutunza. Msalimie shemeji, mwambie sisi mashemeji zake wa huku tunamtania bado. Msalimie shangazi yetu mdogo wa ukoo, yule mwenye cherehani, mwambie gauni alilonishonea ndilo nililovaa siku ya kuzika. Watoto wote wa mjomba nawasalimu kwa pamoja wasigombane. Bibi Somoe anakusalimia pia. Anasema anakujua, Bibi alimsimulia.

Ukishajifungua na ukapata nguvu, njoo. Ukishuka stendi ya Ruangwa, panda pikipiki ya kuja Mbwemkuru. Usimwambie dereva akupeleke "kwa Wasukuma", huko tumekwisha kutoka. Mwambie akulete kwa Bibi Holo. Akisema hapajui, shuka, tafuta mwingine.

Ni mimi mdogo wako, kichwa kigumu,
Kabula